Uso Ulio Chini ya Laka

Jua la Januari pale Rågsved, pembezoni mwa Stockholm, ni la kuibia. Linachungulia mchana mara moja, halafu hilo, limekwenda zake. Na siku ile Emérithe alilihitaji kufa na kupona.

Baba yake, mzee Bonaventure, alikuwa anapofuka. Kisukari kilishamaliza jicho la kushoto, na daktari alisema wazi kwamba la kulia halitafika kiangazi. Sasa mzee huyo ndiye mtu pekee aliyebaki duniani anayeijua sura ya Béata, mama yake Emérithe. Picha haikuwepo hata moja. Mwaka wa sabini na mbili, walipokimbia Burundi kuingia Kigoma, Emérithe alikuwa mtoto wa mgongoni, na mama hakufika ng'ambo. Binti kakua, kafika mpaka Uswidi, hajui aliyemzaa alikuwaje. Jamani, uchungu huo usimpate mtu.

Ndipo akamwendea Thoa wa ghorofa ya juu, mchoraji kutoka Vietnam. Thoa alisomea kwao Hanoi kazi ya zamani kabisa, ya kuchora kwa laka, utomvu wa mti ambao ukikauka unakuwa mweusi tii. Unatandaza madini ya fedha, membamba kama karatasi, unapaka rangi, unabandika maganda ya mayai, unafunika kwa laka, unapaka tena, mpaka picha yote inazama gizani. Kisha unachukua msasa na maji unaifukua. Ukisugua kidogo huoni kitu. Ukizidisha umekwisha, kilichoondoka hakirudi. Walimu wake walichora hivyo mianzi na samaki. Yeye akachora treni za chini ya ardhi na nyuso zilizokatwa kwa mistari minene ya rangi, na wale walimu wakanuna mpaka leo.

Vuli nzima mzee alimweleza Thoa sura ya mkewe, Emérithe akiwa katikati, anatafsiri Kiswahili kwenda Kiswidi na kurudi. Paji pana. Jicho moja dogo kuliko jingine. Akicheka anabana midomo. Thoa akachora, akafunika, akawaachia ubao ukaukie kwao, maana kwake hapakuwa na pa kukanyaga. Mzee akaupapasa akaguna.

"Emé, nimetaka mke, umeniletea mlango?"

Emérithe naye akaharibu. Kwa nia njema aliuegemeza ubao kwenye hita, si ndiko kila kitu kinakokaushwa Stockholm, soksi, glavu, viatu vya theluji? Thoa alipouona alipiga ukelele. Laka hii haitaki joto kavu, hukauka kwa unyevu, na pale ilikuwa inanata kama ulimbo! Ubao ukahamia bafuni kati ya mataulo mabichi, na wenye nyumba wakawa wanaoga kwa ndoo jikoni. Wiki zikakatika. Mzee akaanza kumimina chai nje ya kikombe, na Emérithe kila akiifuta alijilaani kimoyomoyo.

Mchana huo, hatimaye, laka ilikauka. Wakausogeza ubao dirishani, mzee akaketi karibu, pua inataka kuugusa.

"Mwambie aniambie pa kukomea," Thoa alisema. "Mimi simjui huyu mama."

Msasa ukaanza. Maji meusi yakachuruzika. Ukatokea mstari mwekundu, kisha paji jeupe la maganda ya mayai. Likaja jicho. Likaja la pili, lile dogo. Ikaja midomo iliyobanwa. Emérithe akausogelea ubao.

"Mama," alisema, bila kujua kwamba amesema.

"Bado," mzee akasema.

Emérithe akatafsiri. Msasa ukaendelea, na ule wekundu ukaanza kufifia.

"Ni yeye, baba?"

"Siye. Bado."

Thoa akasita. "Mwambie rangi imebaki nyembamba mno. Chini yake ni fedha tupu. Nikiendelea, uso unaondoka."

Emérithe akatafsiri.

"Nimesikia. Bado."

Hapo Emérithe akashindwa. Alimgeukia Thoa akasema kwa Kiswidi, "Baba anasema inatosha."

Thoa akainua mkono. Mzee akainamisha sikio.

"Mbona kaacha? Emé, umemwambia nini?"

"Nimemwambia basi!" Emérithe alimjia juu baba yake, jambo ambalo hajawahi kulifanya. "Wewe ulimwona, ukaishi naye! Mimi nimempata leo hii, hata sijamzoea, unataka nimtazame akifutwa?"

"Huyo ni mwanamke mzuri, mwanangu. Lakini si mama yako."

Jua lilikuwa limeshagusa paa la jengo la mbele. Emérithe alitaka kukataa, alitaka kuukumbatia ule ubao akimbie nao. Akapiga moyo konde.

"Nilikudanganya," alimwambia Thoa. "Anasema endelea."

Thoa akawatazama wote wawili, akachovya msasa. Midomo ikaenda. Paji likaenda. Fedha ya chini ikapanda, ya kijivujivu, ikameza shavu na jicho kubwa. Emérithe aling'ata kidole. Likabaki jicho dogo, na ukingo wa uso.

"Hapo!" Mzee aliruka kitini. "Hapo hapo, asiguse!"

Thoa hakungoja tafsiri. Msasa ulikuwa umeshaanguka sakafuni.

Mzee aliegemeza paji lake kwenye ubao, machozi yanamtoka bila kificho.

"Mto Malagarasi ulikuwa na ukungu asubuhi ile. Mtumbwi ulibakiza nafasi moja. Akakufunga mgongoni kwangu, akasema tangulieni. Nilipogeuza shingo, alikuwa hivi. Hivi hivi. Mtumbwi haukurudi tena."

"Na paji? Na ile midomo?"

"Niliyabuni, mwanangu. Yalishanitoka zamani. Ulikuwa unauliza kwa hamu, ningekuambia nini?"

Emérithe alikaa chini pu. Hasira zilimpanda, zikageuka kilio, akalia mpaka Thoa akaja kumshika bega. Mwanga wa dirishani ulikuwa unakwisha.

"Alikuwa anakutazama, baba?"

"Mimi? Wala. Alikuwa anakutazama wewe, huko mgongoni."

Emérithe akajifuta uso, akaenda kuwasha taa zote za nyumba. Kisha akarudi, akapiga magoti mbele ya lile jicho dogo ili limwone.