Uwanja Usiopigiwa Hodi

Mwaka ule Haroub aliimba kijembe kimoja tu, na hicho kimoja kilitosha kumzimia mwenzake tanuri.

Kwa kawaida msimu hauishi hajaimba thelathini. Yeye ndiye manju wa ngoma ya msewe, upande wa Juu, kijijini kwao Ole, na manju ana kazi mbili: kuwaongoza wachezaji wake, na kumkera manju wa upande wa pili. Manju wa upande wa Chini ni Jaribu, mpiga zumari na mwoka mikate ya mofa. Walianza kukerana kabla hawajaota ndevu. Haroub alishaimba masikio ya Jaribu, akaimba punda wa Jaribu, akaimba suruali ya Jaribu iliyochanika mbele ya wakwe. Jaribu naye hakumbakishia kitu. Aliwahi kuuimba muhogo wa Haroub kwamba ni mwembamba kama mwenye shamba, hata panya akiupita husikitika. Saada, mkewe Haroub, alicheka siku ile mpaka akashikilia mti.

Hakuna aliyewahi kununa. Sababu ni hodi. Kabla ya kijembe, manju husimama katikati ya watu akapaza sauti: "Hodi uwanja!" Mara tatu. Na watu wote, wa Juu na wa Chini, huitikia: "Uwanja u wazi!" Lolote litakalosemwa baada ya hapo ni la uwanjani. Ngoma ikivunjwa, manju wawili hukaa kwenye sinia moja wakala, na neno hubaki pale pale vumbini. Sheria hii hakuna aliyeiandika. Watoto huijua kabla ya kujua kufunga vifungo.

Basi ikaingia korona. Mwezi wa Machi sheha alipita na kipaza sauti akisema hakuna harusi ya watu wengi, hakuna mpira, hakuna ngoma. Skuli zikafungwa. Misewe, vile vifuko vya ukindu vyenye mbegu ndani vinavyofungwa miguuni, ikatundikwa juu ya dari nyumba kwa nyumba, na panya wakaanza kuizoea. Haroub akashika jembe. Alilima kutwa, na jioni alikaa kibarazani akipiga goti lake kwa vidole kama mtu mwenye homa.

"Umekonda," Saada alimwambia. "Na chakula unakula."

"Sijala vigelegele," alijibu.

Hudhaifa ndiye aliyeleta simu. Huyu alikuwa mpiga ngoma wao, na siku za kawaida huendesha bodaboda Chake Chake. Alifungua kundi la WhatsApp, akatia watu wa Juu na wa Chini, akaja kwa Haroub na barakoa imemning'inia kidevuni.

"Manju, wenzetu Unguja wanaimba kwenye simu. Taarabu nzima mtu kakaa kitandani kwake. Tukinyamaza hivi, korona ikiondoka sisi tushasahau."

"Nimwimbie nani? Hiki kioo?"

"Mwimbie Jaribu. Yumo humo ndani, anasubiri. Kasema wewe huwezi bila vigelegele."

Hilo ndilo lililomtoa. Siku ya pili, baada ya adhuhuri, Haroub alijifungia chumbani na simu ya Saada. Saada alikuwa pembeni ya kitanda akikunja nguo. Haroub akakohoa kusafisha koo, akabonyeza, akasema, "Hodi uwa..." Akaacha. Akamtazama mkewe na ile shuka mkononi.

"Mbona umeacha?" Saada aliuliza.

"Nani ataitikia? Wewe peke yako na foronya? Upuuzi."

Akabonyeza tena, akaenda moja kwa moja kwenye wimbo:

*Zumari limenyamaa, Jaribu amekohoa,*
*Kifua chafuka moshi, pumzi kashindwa toa,*
*Jamani msisogee, upepo utawazoa.*

Kila mtu wa Ole alijua maana yake. Idi ya mwaka uliopita, Jaribu alikuwa katikati ya kupuliza zumari akameza mdudu wa taa. Akakohoa, zumari likalia kama mbuzi aliyekanyagwa, na uwanja mzima ukalala chini kwa kicheko. Hicho ndicho kilichoimbwa, wala hakikuwa na zaidi.

Kwa siku tatu Haroub alijiona mtu tena. Hudhaifa alimletea habari kwamba wimbo umefika Wete, umefika Wesha, umevuka hadi Unguja, na kuna mtu wa Mombasa anauliza huyu manju ni nani. Haroub hakuuliza wanauelewa vipi. Msanii akisifiwa haulizi maswali mengi. Alingoja tu jibu la Jaribu. Jibu halikuja.

Siku ya nne Hudhaifa alirudi, na safari hii barakoa iko puani.

"Manju, leo nimempakia mama mmoja pale sokoni Chake. Nilipomwambia mie wa Ole, kaniambia nisimamishe pikipiki ateremke. Kasema kwetu kuna mwoka mikate ana korona, mpaka wimbo wake upo."

"Wimbo gani?"

Hudhaifa akatoa simu, akamchezea sauti yake mwenyewe.

Ramadhani iliingia wiki hiyo hiyo. Na Ramadhani ndiyo tanuri la Jaribu hupata moto wa kweli, maana nyumba gani ya Ole inafuturu bila mofa? Miaka yote alasiri mbele ya tanuri husimama watu kwa mstari, kila mtu na kikapu chake. Mwaka ule Siti, mke wa Jaribu, alikaa na ungo wa mikate mpaka adhana, kisha akaibeba ndani. Watu walipita upande wa pili wa njia. Msikitini Jaribu alisali safu ya nyuma, na nafasi ya watu watatu kila ubavu. Wengine nao waliachiana nafasi kama walivyoambiwa, lakini ya Jaribu ilikuwa pana zaidi, na kila mtu aliiona.

Haroub aliona yote. Siku moja baada ya sala ya alasiri alisimama mlangoni mwa msikiti akasema wazi: "Jamani, kile ni kijembe tu. Jaribu hana lolote. Ni yule mdudu wa Idi."

Mzee Mbaruk, mwenye duka, alikuwa akivaa viatu. Hakunyanyua uso.

"Haroub, umetuimbia miaka mingapi? Na siku zote kwenye wimbo wako hamna uongo. Masikio ya Jaribu ni makubwa kweli. Suruali ilichanika kweli. Sasa kukohoa uliimba. Kutokohoa unasema tu. Mie nishike lipi?"

"Shika hili la sasa."

"Kwa mdomo mtupu?" Mzee Mbaruk alisimama, akajipangusa kanzu. "Na mie nina wajukuu nyumbani."

Haroub akaenda kwa Jaribu mwenyewe. Alibisha mlangoni. Siti alifungua kidogo, akamwona, akarudisha mlango. Kutoka ndani ikaja sauti ya Jaribu, kavu:

"Nani?"

"Mie. Haroub."

"Sema, kisha wende."

"Jaribu, wallahi sikukusudia. Tumeimbana mangapi mie na wewe? Suruali hukununa. Punda hukununa."

"Hata hili nisingenuna. Ungeimba utakavyo, uniite maiti ukipenda. Lakini hukupiga hodi, Haroub."

"Si nimepiga? Mkeo kafungua."

Ndani Jaribu akacheka, kicheko kibaya kisichokuwa na mtu wa kucheka naye.

"Wende tu, bwana."

Alifika nusu ya njia, karibu na mikarafuu, ndipo ikamwingia. Alisimama pale pale, juani, kinywa kikavu kwa saumu. Siyo hodi ya mlango. Aliona chumba, shuka, Saada, na lile neno aliloliacha nusu. Hodi uwa... Pale ndipo alipokosea. Watu wa mbali hawakuwahi kumwona mdudu, hawakujua utani, na yeye alikuwa amewapa wimbo mtupu usio na kizingiti. Wangejuaje kuwa wameingia uwanjani?

"Ifute ile sauti," alimwambia Hudhaifa kwenye simu.

"Hapa kwetu nishaifuta, Manju. Huko kwingine ni kama kumwaga mtama baharini kisha uuite urudi."

"Basi niimbe nyingine, ya kuitangua."

"Mwezi mtukufu huu! Ukiimba sasa hivi, watakupiga mawe wewe na mie."

Hilo lilikuwa kweli. Ngoma na Ramadhani havikai nyumba moja, na Idi ilikuwa bado wiki nzima na zaidi. Mikate ya wiki nzima. Haroub alilala na jambo hilo siku mbili, akaamka nalo, akalilima shambani. Siku ya tatu alimwomba Saada apike muhogo wa nazi mapema na aupange kwenye sinia.

"Futari ya nani?"

"Yangu. Nakwenda kuifuturia mbele ya tanuri."

Saada akapanga muhogo kwenye sinia. Kisha akaongeza samaki wawili.

Njia ya kwa Jaribu hujaa watu kabla ya magharibi, wengine na ndizi, wengine na barafu. Tanuri lilikuwa linafuka. Mikate ilikuwa kwenye ungo, imefunikwa kawa, na Siti yuko nyuma yake kama mlinzi wa kitu kisichoibwa. Haroub akasimama njiani na sinia lake mkononi.

"Hodi uwanja!"

Watu wakasimama. Bi Raniya, jirani, akashika kichwa. "Haroub! Mwezi mtukufu huu!"

"Siimbi, Bi Raniya. Napiga hodi. Hodi imekuwa haramu lini?"

Kuna aliyecheka, akaziba mdomo. Jaribu akatoka uani, kitambaa cha kanga kimemfunga pua na mdomo, mikono ina unga. Moshi wa tanuri ukamgeukia usoni. Akakohoa. Alikohoa sana, akiinama, na watu wote wakarudi nyuma kama maji ya pwani.

Haroub naye alirudi nyuma. Hatua moja tu. Aliuona mguu wake mwenyewe ukirudi, na alipoinua macho akakuta Jaribu ameuona pia.

"Hata wewe mwenye wimbo?" Jaribu aliuliza.

"Hata mie. Naogopa, yakhe. Nikikwambia siogopi nitakuwa mwongo mara ya pili."

Jaribu akajifuta macho. "Basi simama huko huko. Mie mwenyewe sijui kama ninao au sina. Nani amenipima? Nani amekupima wewe?"

"Hakuna."

"Haya. Maliza ulichokuja nacho, adhana inakaribia."

"Hodi uwanja!" Haroub akapaza mara ya pili. Na ya tatu: "Hodi uwanja!"

Kuitikia si kazi ya manju, ni kazi ya watu, na watu walikuwa wakitazamana. Katika umri wake wote Haroub alikuwa hajawahi kupiga hodi isiitikiwe.

Kisha Siti, aliyekuwa hajasema neno tangu mwezi uandame, akasimama nyuma ya ungo wake. "Uwanja u wazi!" alisema, na sauti ilikuwa ya hasira.

"U wazi," akasema mtu kwa nyuma. "U wazi," akasema Bi Raniya, kwa shingo upande. Haikuwa watu wote, wala nusu yao.

"Kile cha kwenye simu," Haroub alisema, bila tuni yoyote, kama mtu anayetoa ushahidi, "ni yule mdudu wa Idi. Wa hapa mlikuwapo, mlimwona. Wa mbali hawakuwapo. Na mie nilikisema chumbani bila hodi. Kijembe bila hodi si kijembe. Ni uzushi. Nimemzushia Jaribu. Muwapelekee na hilo kwenye simu zenu, kama mlivyowapelekea lile."

Adhana ikaita. Haroub akakaa chini palepale, akaweka sinia mbele yake. Jaribu akasimama kidogo, akichezea unga vidoleni. Halafu akachukua mkate mmoja ungoni, akaufunga kwenye jani la mgomba, akauweka katikati ya njia, akarudi kwenye kiti chake cha mbuzi ya kukunia nazi karibu na tanuri. Haroub akaufuata. Ulikuwa bado moto. Akavunja, akatia kinywani mbele ya kila mwenye macho. Na yeye akaacha samaki mmoja pale kwenye jani, akarudi kukaa, na Jaribu akaja kumchukua.

Wakala hivyo, sinia huku na ungo kule, bila kunawa kwenye chombo kimoja. Kati yao palikuwa na nafasi tupu ya mchanga, pana kiasi cha uwanja.

"Nilikuwa na jibu lako," Jaribu alisema akitafuna. "Tangu siku ile ile. Nimelificha tu kwa hasira."

"Lisome. Kusoma si kuimba."

Jaribu akatazama kulia na kushoto, akalisema taratibu, kama mtu anayeagiza unga dukani:

"Manju gani wa chumbani, hadhira yake ni mto? Aimbia mchagoni, vigelegele ni ndoto."

Kicheko kilianza kwa Siti. Haroub alitaka kujizuia, akashindwa, mofa ikampalia, akakohoa mpaka machozi. Watu wakarudi nyuma tena, safari hii kutoka kwake.

"Msisogee jamani!" Jaribu akapiga kelele. "Upepo utawazoa!"

Hudhaifa, aliyekuwa amefika kwa pikipiki, akainua simu.

"Zima!" walisema wote wawili kwa pamoja.

Bi Raniya akavuka njia na kikapu chake, akaonesha mikate kwa kidole, mkono mwingine umebana barakoa. Mzee Mbaruk alisimama mbali, akatazama, akaenda zake bila kununua. Haroub alimwona, na hakuweza kumlaumu.

"Na ubeti wa pili?" alimwuliza Jaribu.

"Upo. Mbaya kuliko wa kwanza. Lakini huo ni wa uwanjani, utausikia siku watakapotufungulia."

"Na wakichelewa?"

"Basi utangoja," Jaribu alisema, akamlamba samaki wake mwiba. "Mie nimengoja siku zote hizi uje upige hodi."