Kogo Kwenye Mbio za Nakuru

Mwaka wa pili baada ya kumzika mumewe, Jerusa alianza kukimbia. Hakumwambia mtu. Alfajiri moja alimaliza kukamua, akafikisha maziwa barabarani kwa mwenye gari la maziwa, na badala ya kurudi nyumbani akateremka na barabara ya murram katikati ya mashamba ya chai. Alianza kwa kutembea, kisha miguu ikashika mwendo yenyewe. Alirudi viatu vya raba vimejaa tope na jasho likimtiririka. Kesho yake akaenda tena.

Kapkatet watu wanajuana, na maneno hayakuchelewa. Mjane wa miaka arobaini na moja, binti yake wa pekee ameshaolewa Mogogosiek, anakimbilia wapi? Wengine walisema ni huzuni iliyompanda kichwani. Mwishowe wanawake wawili wa kanisani walimwendea Kogo, mama yake marehemu Kipkoech, wakamwomba amkanye mke wa mwanawe. Kogo maana yake ni nyanya, na kijiji kizima kilimwita hivyo hivyo. Walimkuta akipepeta wimbi, naye hakuacha kupepeta.

"Afadhali anayekimbia akarudi," alisema, "kuliko anayekaa ndani asirudi."

Wakanywa chai yao, wakaenda.

Wawili hao waliishi boma moja, nyumba zao zikitazamana. Tangu Kipkoech afariki walikuwa wakila pamoja jikoni kwa Kogo, na chakula kiliisha bila jina lake kutajwa. Si kwamba walikuwa na ugomvi. Kila mmoja aliogopa kwamba akimtaja marehemu, mwenzake atalia, kwa hiyo walizungumza habari za ng'ombe.

Habari za mbio za Nakuru zililetwa na Monicah Ajwang, muuguzi wa hospitali. Alikuwa Mjaluo aliyekuja huko kikazi, na baridi ya asubuhi hakuwa ameizoea hata baada ya miaka sita. Aliwahi kujaribu kukimbia na Jerusa ili apunguze mwili. Wiki ya kwanza haikwisha kabla hajasalimu amri, lakini urafiki ulibaki.

"Dada, nimesikia kwa redio," alisema siku moja. "Kuna marathoni Nakuru. Anayetaka anaingia."

"Mimi nikimbie na wale wasichana wa kambi za riadha?"

"Wale watakuwa wamemaliza, wameoga, wanakunywa chai. Wewe kimbia mbio zako."

Jerusa alicheka, lakini maneno hayo alilala nayo. Aliongeza umbali. Jumamosi alikwenda mpaka karibu na Litein na kurudi, na siku nyingine alipotelea kwenye vilima vya Konoin hata jua likawa kali. Monicah akamwandikisha, na akaahidi kumsindikiza. Binamu yake Ouko alikuwa dereva wa lori lililochukua chai kiwandani kuipeleka Mombasa, na njia yake ilipita Nakuru.

Siku mbili kabla ya safari, muuguzi mmoja wa hospitali alishikwa na malaria, na zamu yake ikamwangukia Monicah. Jioni Jerusa alimweleza Kogo kwamba safari imevunjika, maana hawezi kwenda peke yake mji asioujua.

Kogo aliendelea kukoroga ugali. "Nitaenda mimi."

"Mama, Nakuru ni mbali."

"Kwani imehama?"

"Na mgongo wako?"

"Mgongo wangu nitauketisha kitini pamoja na mimi."

Hivyo ndivyo mama mzee ambaye hakuwahi kuvuka mji wa Kericho alivyopandishwa kwenye lori, akiwa na blanketi la bluu, mwavuli, na sotet, kibuyu cha mursik, maziwa ya kuganda, aliyoipakata kama mtoto mchanga. Kule Mau Summit ukungu ulizuia njia, na Ouko akawasha taa mchana. Kogo akamwuliza kama mama yake yuko hai. Ouko akasema yuko, huko Ahero. "Basi endesha kama mtu mwenye mama," Kogo akamwambia, na Ouko, ambaye barabara hiyo aliijua kama kiganja chake, akapunguza mwendo.

Walifikia nyumba ya wageni ya kanisa. Jua lilipokuwa likizama, Kogo alitoa kichupa cha samli mfukoni mwa koti lake.

"Nyoosha miguu."

Jerusa alisita. Tangu aolewe, mama mkwe wake hakuwahi kumgusa isipokuwa kwa kumpa mkono wa salamu. Lakini alinyoosha miguu kitandani, na Kogo akaanza kumkanda, polepole, kuanzia kwenye kisigino, vidole vyake vigumu vikijua pa kubonyeza.

"Kipkoech nilimkanda hivi alipokuwa mdogo," alisema. "Miguu yake ilichelewa kutembea."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina hilo tangu mazishi. Jerusa alifumba macho, akaomba kimoyomoyo asiache.

Asubuhi barabara zilijaa watu. Mbio zilikuwa za kuzunguka mji raundi nne, na Jerusa alimkalisha Kogo kando ya kituo cha petroli, mahali ambapo wangeonana kila raundi.

"Usitoke hapa, Mama. Nitapita, nitapita tena, mpaka niishe."

"Nenda. Wenzako wanajipanga."

Bunduki ilipolia, wale wa mbele waliondoka kama swala, na muda si muda hata migongo yao haikuonekana. Jerusa alibaki nyuma na watu wa aina yake: mwalimu mwenye kitambi, karani wa reli, wasichana wawili wa chuo waliokuwa wakiongea sana. Alikimbia mwendo wa nyumbani. Raundi ya kwanza alimwona Kogo ameketi juu ya blanketi lake. Raundi ya pili alikuwa amesimama, ameinua mwavuli juu, naye Jerusa akasikia nguvu mpya magotini.

Raundi ya tatu hakumwona.

Alisimama. Karani wa reli akampita, kisha wale wasichana. Aliangalia nyuma ya pampu, akaangalia dukani. Mpiga viatu rangi aliyekuwa pale alinyoosha brashi yake kuelekea sokoni.

"Yule mama wa blanketi? Ameingia huku, kitambo kidogo."

Jerusa aliiacha barabara. Hakufikiri mara mbili. Alipita kati ya mikokoteni na magunia ya karoti, namba imebandikwa kifuani, akiuliza kila mtu, moyo ukimdunda kuliko ulivyodunda kwa mbio. Alimwona mama mzee mmoja kwa mgongo, akamshika bega, na alipogeuka kumbe ni mwingine. Alimzika mwana, sasa amempoteza mama yake? Angemwambia nani, na kwa mdomo gani?

Alimkuta mwisho wa soko, kwenye kibanda cha mwuza viazi aliyeitwa Mama Bosire. Kogo alikuwa ameketi juu ya gunia, kiatu kimoja amekivua, sotet bado mapajani.

"Huyu ndiye mtoto yako, nyanya?" aliuliza Mama Bosire.

"Ndio huyu. Si nilikwampia atakuja," Kogo akajibu kwa Kiswahili chake, kisha akamgeukia Jerusa kwa lugha yao, uso umekunjamana. "Mbona umeacha mbio?"

"Mama, nimekutafuta! Nilikuambia usitoke."

"Niliona mnazunguka tu. Nikasema, nikikata hapa katikati nitatokea upande wa pili, nikuone mara mbili kila mzunguko. Lakini soko hili halina adabu. Unaingia kwa mlango, unatoka kwa mlango ule ule."

Jerusa alichuchumaa mbele yake. Machozi yalikuja bila ruhusa, na alipojaribu kucheka yakazidi.

"Basi, tumemaliza," alisema. "Twende nyumbani."

Kogo alimfuta uso kwa ncha ya blanketi.

"Nitakuambia neno," alisema. "Watu walidhani nakutetea. Lakini kila asubuhi ulipoteremka ile barabara nilisimama mlangoni. Nilisema, leo huyu hatarudi. Bado ana nguvu, kwa nini akae na mzee? Hata safari hii nilikuja kwa sababu hiyo. Niliona Nakuru ni mbali sana na mlango wangu."

"Mama, niende wapi? Mimi nakimbia ili niweze kurudi. Nikikaa tu ndani ya ile nyumba, siwezi."

Mama Bosire alijishughulisha na viazi vyake.

"Umebakisha nini?" Kogo akauliza.

"Nusu, au karibu nusu."

"Nenda ukamalize. Sikuja huku kuangalia viazi. Safari hii sisogei."

"Mimi nitamleta mwenyewe pale mnamalizia," Mama Bosire akasema. "Kimbia, dada."

Jerusa alirudi mpaka kwenye kituo cha petroli, pale pale alipoiachia barabara, akaanza tena. Miguu ilikuwa imekuwa migumu kama kuni. Raundi ya mwisho ilipoanza, msimamizi mwenye bendera alimwambia kwamba magari yanaruhusiwa kupita sasa, na akitaka atampandisha kwenye gari lao. Jerusa akamshukuru, akasema atapita kando. Akapita kando, juu ya changarawe, malori yakimpulizia vumbi, mara akitembea, mara akikimbia. Hakuna aliyempigia makofi ila watoto waliokuwa wakitoka kanisani.

Alipofika, hema zilikuwa zikikunjwa na kipaza sauti kimenyamaza. Mstari wa chokaa ulikuwa umefutwa nusu na magurudumu. Kando yake walisimama wanawake wawili, mmoja na aproni ya sokoni, mwingine na blanketi la bluu, na Jerusa akavuka mstari kuelekea kwao, akamwangukia Kogo kifuani. Mzee alipepesuka kidogo, akasimama imara.

"Umerudi," Kogo alisema.

"Nimerudi, Mama."

Mursik waliinywa pale pale chini, wote watatu, kwa kifuniko cha sotet. Mama Bosire alikunja uso kwa uchachu wake, kisha akaomba tena.

Kesho yake walipata lori lililorudi tupu kuelekea Kericho, dereva wake kijana asiyewajua. Kabla hawajafika Molo, kichwa cha Jerusa kilikuwa kimelala begani kwa Kogo. Lori lilipoingia kwenye kona kwa kasi, mzee alinyoosha mkono akamgusa dereva.

"Polepole," alimwambia kwa sauti ya chini. "Mtoto wangu amelala."

Dereva alimtazama yule mwanamke mtu mzima, mwenye miguu yenye vumbi na kucha moja nyeusi, akapunguza mwendo.