Vyura wa Shamba la Nduma

Celine Opondo alifika mtaa wa Gatina Jumatano ile akiwa amechoka. Tangu asubuhi alikuwa kwenye kinamasi cha kwao Sarang'ombe, kule Kibera, akishika vyura, akiwapangusa mdomoni kwa kijiti cha pamba na kuwaachilia. Pamba hizo zilipelekwa maabara, ambako bosi wake, Daktari Gichuru, alichunguza vinasaba vyao, yaani kile ambacho mtoto hurithi kwa wazazi. Alitaka kujua mbona vyura wa mjini, waliobanwa kwenye vidimbwi vilivyotengana, bado hawajafanana wote.

Kidimbwi cha Gatina kilikuwa nyuma ya nyumba ya Wagaki, mjane mzee mwenye ploti, katikati ya nduma, yale magimbi yapendayo maji, zilizopandwa na marehemu mumewe. Maghorofa ya kukodisha yalikuwa yamekizunguka pande zote.

"Mwanangu Kinyanjui anataka tujaze hapa mawe tujenge," Wagaki alimwambia. "Nimemwambia angoje nikuulize. Hawa vyura wako na maana?"

Celine alikuwa amepata sita tu. Kibera alikuwa amehesabu zaidi ya mia.

"Shosho, hawa ni wale wale wa Kibera. Jengeni tu."

"Si ungoje majibu kwanza? Mimi naweza kukaa hata mpaka mvua iishe."

"Hakuna haja."

Hakuwa na hakika. Alichotaka ni kupunguziwa safari ya Gatina. Aliwapangusa wale sita, akaandika tarehe, akaenda zake.

Miezi minne baadaye ukungu wa ngozi, kuvu inayoua vyura, uliingia kinamasi cha Kibera. Kila asubuhi Celine aliokota vyura waliokufa wakiwa wamekunja miguu. Gichuru akamwita ofisini.

"Ugonjwa huzoea kinga ya walio wengi," alimweleza. "Wachache wenye kinga tofauti wanapona, wanazaa, wanakuwa wengi, halafu ugonjwa unawageukia wao. Ndiyo maana aina zote huendelea kuwepo, hata zile adimu. Lakini Kibera zimebaki aina mbili tu za kinga. Wale sita wako wa Gatina wana tano, na tatu kati ya hizo hatujaziona kwingine. Nenda ulete walio hai tuwazalishe."

Celine aliitikia kwa kichwa. Alishindwa kumwambia kwamba yeye ndiye aliyewaambia wajenge.

Alipofika Gatina, jengo lilikuwa limefika ghorofa ya pili. Wagaki alikuwa ameketi mlangoni akichambua mboga.

"Msichana wa vyura. Majibu yamekuja?"

"Yamekuja, Shosho." Celine alichuchumaa mbele yake. "Hawakuwa wale wale. Siku ile sikuwa najua, lakini nikakwambia kama mtu anayejua."

Wagaki alitoa jani bovu kwenye sinia, akalitupa.

"Ungesema tu hujui," akasema. "Ningengoja. Hata mimi nilikuwa natafuta sababu ya kungoja. Hizo nduma zilikuwa za mzee."

Wagaki aliweka sinia chini, akavaa viatu vya gambuti na kumwonyesha mahali maji yalipokuwa yakitokea zamani, kando ya ukuta mpya. Walitafuta pamoja kwenye mtaro mpaka saa kumi na moja, wakigeuza mawe na makaratasi. Celine alirudi siku mbili zaidi. Alipata kiluwiluwi kimoja, nacho kilikuwa kimekufa.

Pamba za wale sita ziko kwenye friji ya maabara, lakini chura hatoki kwenye pamba. Celine alipoandika ripoti, aliweka sentensi moja kwamba kidimbwi cha Gatina kilijazwa kwa ushauri wake, kabla ya majibu. Gichuru alimwambia hiyo si lazima, anaweza kuitoa.

"Iache hapo, Daktari," alisema Celine, akachukua ndoo na vijiti vyake, akateremka Sarang'ombe kuhesabu waliobaki.