Mita Mbili za Mama Marion

Nthambi, au Mama Ndolo kwa majirani, fundi wa nguo wa ghorofa ya sita katika mtaa wa Kware, alikuwa na stuli ya mbao aliyoinunua soko la Gikomba, yenye sura mbaya hadi wateja walipendelea kusimama. Jumanne moja, alipomaliza sare za kwaya, alikata kipande cha godoro kuukuu, akakilaza juu yake, akakivalisha kitenge cha buluu chenye maua ya manjano na kukipigilia misumari kwa chini. Akarudi nyuma kuitazama. Haki, ilipendeza.

Kitenge chenyewe kilikuwa cha Mama Marion, jirani wa mlango wa pili, aliyezikwa wiki mbili kabla. Alikuwa amekinunua mwenyewe, mita tano, ashonewe gauni la kuvaa siku ya posa ya bintiye. Kifo kikatangulia, na binti huyo, Marion, akakileta lishonwe gauni la kuzikiwa. Sasa, fundi gani asiyejua kwamba gauni la maiti halina mgongo? Humrahisishia kazi anayevisha, na nani atamgeuza? Zikabaki mita mbili. Marion alipouliza kama kuna kilichobaki, Nthambi akasema kitambaa kilitosha kwa kubanabana tu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Alhamisi saa kumi Mama Marion alipanda ngazi zote bila kupumzika, maana kufa kulikuwa kumemwondolea pumu, akabisha hodi.

"Karibu, Mama Marion. Umepotea."

"Si nilikuwa nimezikwa, Mama Ndolo."

"Ni kweli. Pole."

Alijaribu kochi, likampitisha hadi sakafuni. Alijaribu stuli, ikamshika, kwa kuwa marehemu hashikwi ila na kilicho chake. Akaivuta ukutani, akaegemea. Nthambi alikuwa ameshauona ule mgongo, wazi kutoka shingoni hadi kiunoni. Kwa aibu akaweka maziwa mengi kwenye chai. Mgeni akainusa, akashukuru.

"Huko mko vipi?"

"Tunaimba tu. Nimeomba safu ya nyuma kabisa, nisiwe na mtu nyuma yangu."

Akawa anakuja kila siku saa kumi. Nthambi alimfunika leso, ikaanguka. Alimfunika shuka, ikaanguka vilevile. Nafsi ilimsuta. Mara tatu alichukua mkasi ang'oe kile kitenge amshonee mwenzake mgongo, na mara tatu akaurudisha. Stuli ikibaki uchi, majirani wangeuliza, na Marion angejua. Mwizi wa kitambaa cha maiti, jamani, nani angempelekea nguo tena?

Jumamosi ya wiki iliyofuata Marion akaja.

"Mum, kumbe uko huku."

"Niko, mwanangu."

Marion aliinama kumkumbatia, mkono ukapita nyuma, ukakuta mgongo mtupu, ukasimama hapo.

"Mbona uko baridi hivi? Mama Ndolo, hakukubaki hata kipande?"

Nthambi alifungua mdomo. Kabla hajasema lolote, Mama Marion alishika sketi ya gauni lake, akaitandaza mbele na kando, taratibu, hadi maua yakafunika maua na stuli isionekane hata mguu. Kisha akamwangalia rafiki yake, akangoja.

"Hakikubaki," Nthambi alisema. "Hata cha kufunga kidole."

Marion alivua sweta yake, akamtupia mamake mabegani. Ikaanguka. Akaiokota, akaikung'uta.

"Basi asante kwa kumshonea. Najua ulijitahidi."

"Usijali. Ni jirani yangu."

Marion akaaga. Mama Marion hakusogea. Alikaa vivyo hivyo, sketi ameishikilia kwa mikono miwili, mpaka viatu vya bintiye viliposikika vimefika chini kabisa. Hapo ndipo akaiachilia.

Nthambi alitamani atukanwe. Hakutukanwa.

Kesho yake saa kumi hodi ikabishwa. Nthambi akainuka, akaisogeza stuli ukutani, akasema karibu.