Upepo wa Melkizedeki

Asubuhi hiyo Yasinta alisimama kwenye uwanja wa kupuria, nyuma ya nyumba yao pale Mtinko, akanyanyua ungo juu ya kichwa na kumwaga uwele taratibu. Punje zikaanguka miguuni pake. Makapi nayo yakaanguka juu ya punje, palepale yalipokuwa kabla hajainama kuyazoa. Akazoa, akanyanyua, akamwaga tena. Kuku wakasogea kumsaidia kwa namna yao.

Upepo haukuwapo. Ulikuwa umelala. Ndani ya nyumba, kwenye chumba cha mdogo wake Melkizedeki, pazia lilipanda na kushuka kwa raha zake, na nywele za Melkizedeki zilicheza juu ya mto huku mwenyewe akikoroma, maana staa haamki kabla ya saa nne. Yasinta hakushangaa. Alikasirika tu, na hasira haipepeti uwele.

Jambo lenyewe lilianzia Singida mjini. Melkizedeki alikuwa mpiga gitaa wa kwaya, kijana mpole wa nywele ndefu kidogo kuliko alivyopenda mchungaji, hadi alipojiunga na wenzake wakaunda bendi ya Radi Kavu na kuanza kupiga roki. Watu wa Mtinko waliusikiliza muziki huo kwa adabu, wakasema unafanana na trekta lililoachwa na mchumba. Lakini wimbo wao mmoja, unaomhusu mbuzi aliyekataa kurudi zizini, uliingia kwenye simu za watu ukagoma kutoka. Wakaalikwa kupiga mjini. Nitin, mwenye duka la vifaa vya umeme, akawaazima feni kubwa ya kusimama, iwekwe mbele ya jukwaa ili ipeperushe nywele za mpiga gitaa.

Watu walipiga kelele, wasichana wawili wakazimia kwa zamu, na shughuli ilipokwisha feni ikarudishwa dukani ndani ya boksi lake. Upepo ukaenda nyumbani na Melkizedeki. Dereva wa bodaboda aliyempeleka alisema njia nzima alisukumwa, hata petroli hakuigusa. Kesho yake, nywele za Melkizedeki zilikuwa bado zinapepea kwenye kiti cha jikoni, na chai yake ilipoa kabla hajaionja. Yasinta akampa kifuniko cha sufuria afunikie kikombe.

Nitin alisikia akaja na pikipiki yake, maana mfanyabiashara hulinda mali yake. Alimzunguka Melkizedeki, akachungulia chini ya kiti, akaweka kiganja nyuma ya shingo ya kijana akausikia ubaridi.

"Feni yangu imerudi nzima," alisema mwishoni. "Upepo haukuandikwa kwenye risiti. Siwezi kuudai."

Yasinta alimfungia jogoo kwa usumbufu alioupata, naye akashukuru akaondoka.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Melkizedeki alisifiwa, na upepo ukaanza kumfundisha tabia. Alinunua jaketi la ngozi akalivaa juani, kwa kuwa kijiji kizima ni yeye peke yake aliyekuwa akisikia baridi. Alivaa miwani myeusi hadi jikoni kwenye moshi. Ukweli ni kwamba upepo ulimjaza vumbi machoni, ila yeye aliwaambia watu kwamba umaarufu una mwanga mkali. Kisha akaanza kujitaja kama mtu mwingine. "Melki hali mlenda leo," alisema mezani, na Yasinta akatazama huku na huku kumtafuta huyo Melki, kisha akaula mlenda wake na wa Melki.

Walipokwenda kupiga Misigiri, alikumbuka kuwa amesikia mastaa wa nje hutupa televisheni dirishani. Gesti ile haikuwa na televisheni, kwa hiyo akatupa kiti cha plastiki. Chumba kilikuwa cha chini. Kiti kilitua kwa miguu yake yote, na mzee mmoja aliyekuwa anapita akakikalia kusubiri gari la Singida. Ilibidi Melkizedeki angoje dirishani hadi mzee apate gari, ndipo akatoka akakirudisha kiti ndani, maana alikuwa amelelewa na Yasinta. Walipofika Kinampanda, aliagiza kuku ambaye hajawahi kufokewa. Waandaaji wakaulizia nyumba kwa nyumba, wakampata.

Hayo yote Yasinta aliyavumilia. Lililomshinda ni shikamoo.

Ilianza kidogokidogo. Melkizedeki akikutana na wakubwa aliinamisha kichwa badala ya kuamkia, kisha akaacha hata kuinamisha. Siku moja alikutana na Mzee Alute kwenye njia ya kwenda gulioni. Mzee Alute alikuwa mtu ambaye hawezi kuacha kukutana kupite bila shikamoo, kama asivyoweza kuacha zizi wazi. Alisubiri. Akakohoa. Akatazama mbuzi wake, akamtazama kijana, akatazama tena mbuzi. Mwisho, ili mambo yasiharibike kabisa, akaitoa yeye mwenyewe.

"Shikamoo," alisema Mzee Alute, mtu mwenye wajukuu wenye ndevu.

"Marahaba," alijibu Melkizedeki.

Upepo uliovuma hapo ulichukua kofia ya mzee ukaipeleka hadi uani kwa Witness, jirani yake Yasinta. Na tangu saa ile, upepo wote wa Mtinko, ambao siku zote ulimvumia kila mtu bila kumuuliza jina, ulikusanya vyake ukahamia kwa Melkizedeki. Bendera ya shule ikajikunja kwenye mlingoti. Moshi wa majiko ukapanda wima. Redio ilipomhoji, upepo wa mjini nao ukafuata.

Yote haya yaliangukia msimu wa kupepeta. Wanawake waliupigia upepo mluzi, kama mama zao walivyoupigia, mluzi wa chinichini unaoanza na kukoma. Melkizedeki akatoka nje na kuwapungia mkono, akidhani mluzi ni wa mashabiki. Nywele zake zilipepea, lakini kwenye nyungo zao hakukutikisika kapi. Ndipo Witness, ambaye uwele wake ulikuwa unaliwa na kuku na yeye anaangalia, akakumbuka kofia ya Mzee Alute. Alimsogelea kijana akamwamkia. Kwa muda wa kutosha kumaliza lundo lake, uwanja wake ulipata upepo mzuri kuliko wa miaka yote.

Basi ikawa ndiyo kawaida. Kila alasiri Melkizedeki alipita kutoka uwanja hadi uwanja na jaketi lake, na kila mwenye uwanja akampa shikamoo yake. Bibi aliyempokea siku aliyozaliwa alimwamkia akiwa amekalia kigoda, akaomba radhi kwamba miguu haimruhusu kusimama. Mzee Alute, aliyejua mambo yalikoanzia, alisema heshima si utumwa, kisha akaenda kukaa nyuma ya nyumba yake. Uwele ulipepetwa ukaingia ghalani.

Lundo lililobaki lilikuwa moja tu, la Yasinta, chini ya turubai.

"Mwamkie tu, dada," Witness alimwambia. "Ni neno. Linatoka mdomoni halirudi."

"Kwako wewe ni neno."

"Mvua ikikuta uwele hapo nje utaota. Mtakula nini?"

"Tutakula shikamoo," alisema Yasinta.

Mama yao alifariki Melkizedeki akiwa bado anatambaa. Yasinta aliacha shule, akamfunga mtoto mgongoni kwa kanga, na kwenye uwanja huu huu alipepeta uwele huku mtoto akimlilia sikioni na makapi yakimjaa mtoto kichwani. Jioni alimkalisha mapajani akamtoa kapi mojamoja. Alikuwa akijivunia nywele zile kabla ya mtu mwingine yeyote kuzijua. Ndiyo maana hakumwamkia, na kila siku alichambua uwele kwa vidole, punje kwa punje, kiasi cha ugali wa siku hiyo. Melkizedeki aliula ugali huo na kulalamika kwamba Melki amekutana na kapi.

Yasinta alifunga safari kwenda mjini kuazima feni. Alimkuta Nitin dukani, na mke wake Kokila akijipepea kwa kipande cha boksi. Nitin aliwasha feni moja, akawasha ya pili, akawasha zote. Mapanga yakazunguka kwa kasi, duka likajaa mngurumo, na karatasi iliyokuwa juu ya kaunta ikatulia palepale.

"Wateja wananirudishia," alisema. "Nawaambia zinafanya kazi. Wanasema wanaona."

"Hata hiki kipande cha boksi hakitoi kitu," alisema Kokila. "Najipepea kwa mazoea."

"Na mimi nilimpigia simu nikamwamkia," Nitin aliongeza kwa sauti ya chini. "Kaniambia nimtafute meneja wake."

Yasinta alirudi Mtinko mikono mitupu. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya, na habari iliyomsubiri nyumbani ni kwamba Radi Kavu wanakwenda Dar es Salaam, watapiga huko hadi mwaka mpya. Gari lilikuwa njiani. Ina maana upepo nao ulikuwa unasafiri.

Alikwenda uwanjani, akafunua turubai, akajaza ungo, akasimama. Melkizedeki akaja na begi na gitaa, jaketi likipiga mbawa. Akasimama mbele yake, akangoja.

"Gari linakuja," alisema.

"Nasikia."

"Melki ataondoka na upepo."

"Huyo Melki simjui," alisema Yasinta. "Mimi namjua mmoja aliyekuwa ananikojolea mgongoni, hapa hapa nilipokanyaga."

Melkizedeki alivua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi la miezi, na bila kioo alionekana mdogo kuliko umri wake. Alitazama lundo. Alitazama vidole vya dada yake, ncha zake zimechubuka kwa kuchambua.

"Dada," alisema. Alifungua mdomo, akavuta pumzi. "Shi..."

Upepo ukakatika. Nywele zikamwangukia masikioni, jaketi likaning'inia kama limetundikwa msumarini. Kule shuleni bendera ikajinyoosha kidogo. Moshi wa kwa Witness ukainama, manyoya ya kuku yakafunguka mkiani, na Yasinta akasikia shingoni mwake ubaridi mdogo, ule wa zamani, wa kila mtu.

Melkizedeki akasikia joto. Jasho likamtoka chini ya ngozi ile nzito kwa mara ya kwanza tangu ainunue. Akapeleka mkono kichwani, akashika nywele zilizokuwa nywele tu. Akafunga mdomo. Neno likarudi lilikotoka, nywele zikainuka, bendera ikajikunja. Akavaa miwani.

Yasinta aliona kuwa mdogo wake anaogopa, na hilo likamuuma kuliko dharau. Dharau angeizaba kofi. Hofu ya mtoto huyu yeye ndiye aliyekuwa akiibembeleza, na mkono ulikuwa bado haujasahau kazi yake. Honi ya gari ikalia barabarani. Tone moja la mvua likaanguka kwenye turubai.

"Shikamoo," alisema Yasinta.

"Marahaba," alijibu Melkizedeki upesi, kama mtu aliyekuwa ameliweka tayari.

Upepo ulikuja wote. Yasinta alinyanyua ungo na kumwaga, punje zikaanguka safi na nzito, makapi yakaruka pembeni. Yalimwangukia Melkizedeki. Yalimganda kwenye jaketi, yakamjaa nywele, yakatanda kwenye miwani. Hakujipangusa. Alisimama miguu imeachana, kidevu juu, mkono kwenye gitaa, kama yuko jukwaani, ingawa hakukuwa na mtu wa kumpiga picha ila kuku. Dereva alipiga honi, akapiga tena. Melkizedeki hakuondoka hadi lundo likaisha.

"Umemaliza, dada?"

"Nimemaliza."

Akaingia garini na makapi yake. Upepo ukaingia naye, na mlango ulifungwa kwa shida. Baadaye ilisikika kwamba watu wa Dar es Salaam waliyapenda sana yale makapi, wakadhani ni pambo la jukwaani, na sasa hakuna mpiga gitaa wa roki anayejiheshimu anayepanda jukwaani bila kujimwagia pumba za mashine. Melkizedeki huwaambia waandishi wa habari kwamba ubunifu ule ulikuwa wa Melki peke yake. Kila msimu wa kupepeta hurudi Mtinko kupumzika, na wazee humwamkia, wengine siku hizi bila hata kuwa na uwele.

Siku ile Yasinta aliuzoa uwele wake kwenye madebe kabla mvua haijachanganya. Witness alipita na mzigo wa kuni kichwani, akasimama.

"Shikamoo, dada."

Yasinta alitazama ncha ya kanga yake, akangoja kidogo kuona kama itatikisika. Haikutikisika.

"Marahaba," alisema, akajitwika debe.