Mikono Miwili ya Kushoto

Viroba vilikuwa vinne, vimeshindiliwa mpaka midomo haifungiki, na miaka yote vilikaa nyuma ya mlango wa chumba cha Zuhura. Ndani yake mlikuwa na vipande vya vitambaa vya watu. Kila aliyewahi kushonesha nguo anaijua habari hii: unampelekea fundi mita nne, unapewa gauni lako, na kilichobaki husikii tena habari zake. Ukiuliza, fundi anakutazama kana kwamba umemtukania mama yake. Zuhura alishona miaka ishirini na minane kwenye baraza ya duka la vitambaa la Chandulal, Morogoro mjini, na kila aliyeuliza alitazamwa hivyo hivyo.

Hakuwa mwizi, jamani. Tuseme ukweli, hakuwahi kuuza hata kipande kimoja. Moyo tu ulikuwa haumruhusu kutupa kitambaa kizuri, na mdomo ulikuwa haumruhusu kusema, "Mama, hiki kimebaki, chukua." Akawa anaweka. Leo kipande, kesho kipande, kiroba kikajaa, kikafuata cha pili.

Mwaka huu mwanawe Abdulmajid, anayefanya kazi Muscat, akamwandikisha kwenda hija. Hapo ndipo viroba vilipoanza kumkosesha raha. Katika darasa la mahujaji wanawake, Ustadha Mwanaheri, ambaye hana mzaha hata kidogo, aliwaambia: "Haki yake Mwenyezi Mungu huisamehe. Haki ya mja, mpaka mja mwenyewe akuachie. Rudisheni amana za watu kabla hamjapanda ndege." Wenzake wakawa wanakumbuka masufuria waliyoazima na majirani waliowasengenya. Zuhura alikumbuka nyuma ya mlango.

Baada ya darasa alimfuata. "Ustadha, na kitambaa je?"

"Kitambaa gani?"

"Vipande. Vya wateja, vinavyobaki."

"Vingapi?"

"Viroba vinne," Zuhura alisema, kwa sauti ya mtu anayeungama.

Ustadha Mwanaheri alivua miwani, akaifuta kwa pindo la mtandio, akaivaa tena. "Unaowajua, warudishie. Waliokufa na usiowajua, toa sadaka kwa niaba yao. Usibaki na hata uzi."

Kusema ni rahisi. Utamrudishiaje mtu mzima kipande cha jojeti chenye ukubwa wa kiganja? Atadhani umechanganyikiwa. Zuhura akaamua kwamba kila kipande kitarudi kikiwa kitu. Akaacha kupokea kazi mpya, akafungua kiroba cha kwanza, na kwa miezi miwili cherehani yake haikushona kingine chochote. Majina ya watu yalikuwa yanamtoka siku hizi, lakini vitambaa havikumtoka. Akishika kipande tu alijua: hiki ni sare ya harusi ya kina fulani, hiki ni cha yule mama mnene aliyebishana kuhusu kiuno.

Shivani, mkwe wa Chandulal, alipata mto wa kochi uliounganishwa kwa mabaki ya suti zake nne za Kipanjabi. Mwalimu Lukasi, mstaafu, alipata mfuko wa miwani wa khaki, akaugeuza huku na huku, kisha akasema, "Fundi, hii si ile suti yangu ya Kaunda? Si uliniambia kitambaa hakitoshi mifuko ya nyuma?" Zuhura akasema, "Ndiyo, mwalimu, nisamehe." Mwalimu akacheka mpaka akakohoa, akasema miaka kumi na tano amekalia suruali isiyo na mifuko bila kujua kwamba imo kirobani. Wengine walipata aproni, vya kushikia sufuria, kofia za watoto, mikoba ya sokoni. Mabaki ya waliotangulia mbele ya haki yakawa mashuka madogo ya viraka, yakapelekwa kwa wanawake waliojifungua hospitali. Mji mzima ukawa unamcheka, naye akawa anacheka pamoja nao, kwa sababu kila kicheko kilikuwa radhi moja.

Viroba vitatu vikaisha. Cha nne kikaisha mpaka chini kabisa, na huko chini kulikuwa na kifurushi cha gazeti lililogeuka rangi ya chai. Zuhura alijua kilichomo. Ndiyo maana cha nne alikiacha mwisho.

Kilikuwa satini nyeupe: mikono miwili ya gauni la mtoto, mirefu, imekatwa vizuri sana. Yote miwili ya kushoto.

Fundi yeyote atakwambia jinsi inavyotokea. Mikono ukiikata unakunja kitambaa, uso kwa uso, ili upate wa kulia na wa kushoto kwa mkato mmoja. Ukipanga kipande juu ya kingine, nyuso zote zikitazama juu, unapata miwili ya upande mmoja, na satini haigeuziki, maana upande wa ndani haung'ai. Ilikuwa Ramadhani, siku tatu kabla ya Idi, nguo zimemjaa mpaka magotini, na Zuhura alikuwa hajalala vizuri wiki nzima. Akakata. Alipoinua mikono kuishikiza begani, ndipo akaona.

Gauni lilikuwa la Esther, la Komunyo ya Kwanza. Esther ni binti wa Modesta, mkulima wa Mgeta aliyekuwa akishuka na lori la mboga kila Jumanne na Ijumaa na hakosi kupita barazani kumsalimu. Kitambaa kilinunuliwa na kaka yake Modesta, Kasiani, mjomba wa mtoto. Na Mluguru anapokuwa mjomba, si mjomba wa kutoa pipi. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mjomba ndiye mwenye neno, mtoto akiwa mdogo na akija kuolewa. Kasiani aliteremka mwenyewe kutoka milimani, akapimiwa satini pale pale mbele ya macho ya Zuhura, na Chandulal, Mungu amrehemu, akamwongezea kiganja kizima kwa heshima ya sakramenti. Zuhura aliona. Kitambaa kilitosha gauni zima na mikono yake.

Lakini Modesta alipokuja kuchukua gauni, Zuhura alimwambia, "Mama Esther, kitambaa hakikutosha mikono. Sijui kaka yako alipimiwaje." Basi. Maneno mafupi tu. Jora la satini ile ile lilikuwa rafuni, hatua nne nyuma ya mgongo wake. Nusu mita ingemaliza kila kitu. Ila fundi mwenye jina hasemi kwamba kakata mikono miwili ya kushoto.

Siku ya Komunyo, Sista alikataa mtoto kusogea altareni mabega wazi. Esther akavalishwa sweta la shule, la kijani, juu ya satini, na picha ikapigwa hivyo. Modesta aliitundika ukutani picha ile na kila alipoitazama alimtazama Kasiani: mjomba gani anampunja mpwa wake kitambaa mbele ya Mungu? Kasiani aliapa kwamba alinunua mita za kutosha. Modesta akamwita mwongo. Tangu siku hiyo ndugu wawili wanaoishi kilima kimoja wakawa wanaambiana "Tumsifu Yesu Kristo" na "Milele amina" tu, kwa sababu salamu ile ni ya Yesu na wao haiwahusu. Esther alipoolewa, miaka miwili iliyopita, kiti cha mjomba alikikalia binamu. Gauni la harusi ile alishona Zuhura. Lilikuwa na mikono mirefu mizuri sana.

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Zuhura ilikuwa na miaka kumi na saba, na bado alikuwa akitembea.

Akakaa na ile mikono siku mbili. Kisha akaikunjua, akaipasi, akaikata upya, akashona gauni dogo la ubatizo, kwa maana Esther alikuwa amejifungua na mtoto angebatizwa Jumapili. Alishona kwa mkono, mshono ambao hata yeye mwenyewe hakuuona akiutafuta. Na alipokuwa anashona, shetani alimnong'oneza, kama ilivyo kazi yake: mpe tu kama zawadi. Kitambaa kitakuwa kimerudi kwa mwenyewe. Ustadha alisema kurudisha, hakusema kueleza.

Ijumaa Modesta alifika barazani, kanga kiunoni, viatu vimejaa udongo mwekundu. Zuhura akamkunjulia gauni.

"Yesu na Maria!" Modesta alilishika kwa ncha za vidole, akiogopa kulichafua. "Fundi, hii ni ya mjukuu wangu? Mungu akupe hija njema. Na satini hii! Siku hizi haipatikani. Inafanana kabisa na ile ya—"

Zuhura alikuwa amebakiza neno moja tu la kusema, "ndiyo, inafanana," na safari ingeendelea.

"Ndiyo yenyewe," alisema.

"Yenyewe ipi?"

"Ya Esther. Ya Komunyo. Kitambaa kilitosha, mama Esther. Mimi nilikata mikono vibaya, nikaona haya, nikakudanganya. Kaka yako hakupunja hata inchi moja. Nilimwona anapimiwa."

Modesta hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliketi kwenye benchi la wateja, gauni mapajani, akatazama barabarani mpaka lori la saruji likapita na vumbi lake likatua. Zuhura alikuwa analia, na hakujificha.

"Mimi nataka radhi," alisema. "Nakuomba radhi."

"Yangu?" Modesta alisema hatimaye. "Yangu nitakupa. Mimi umenivalisha mtoto sweta. Lakini yule umemwondoa kwenye kiti chake." Akasimama. "Safari yako ya hija haianzii uwanja wa ndege. Inaanzia Mgeta. Lori linaondoka saa nane. Chukua mtandio mzito, kule baridi."

Zuhura alilikunja gauni, akalitia kwenye kile kiroba cha nne kwa sababu hakuwa na mfuko mwingine, akapanda.

Walikaa mbele na dereva, na njiani Modesta alimwambia Zuhura ashike chuma kwa sababu kona inayofuata ni mbaya. Waliteremka penye ghala la kabichi, wakapanda kwa miguu. Modesta alitembea kama anayekwenda jikoni kwake. Zuhura alisimama kila baada ya matuta matatu kutafuta pumzi. Kasiani walimkuta shambani, amepiga magoti kati ya njegere. Alikuwa amezeeka. Aliwaona, akainuka polepole akijipangusa mikono.

"Tumsifu Yesu Kristo," alimwambia dada yake, kama kawaida yao.

Modesta alifungua mdomo kujibu, akaufunga. Akapiga goti kidogo. "Shikamoo, kaka."

Kasiani alimtazama, kisha akamtazama Zuhura, kama mtu anayeuliza nani amekufa. "Marahaba," alisema.

Zuhura alisimulia akiwa amesimama pale pale tutani, bila kujipamba. Ramadhani, satini, mikono miwili ya kushoto, maneno aliyomwambia Modesta. Alipomaliza alitoa gauni kirobani akampa kwa mikono miwili. Kasiani hakulishika. Alinyoosha kiganja chake juu yake, akalipima kwa shibiri, taratibu, kuanzia shingoni hadi pindoni, bila kuligusa kwa sababu ya udongo. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

"Nilinunua mita nne," alisema.

"Nne," Zuhura alisema. "Na kiganja."

"Na kiganja. Chandulal aliniongezea. Nimesema miaka yote hii." Akamgeukia dada yake. "Mwishowe nilianza kujiuliza mwenyewe, Modesta. Nikasema labda sikuhesabu vizuri. Labda kweli nilimpunja mtoto." Akanyoosha mkono kuelekea ng'ambo. "Siku ya harusi nilikuwa hapa hapa napalilia. Ngoma nazisikia ng'ambo ile."

Modesta alilia kwa sauti, mkono mdomoni. Zuhura alitaka kusema nisamehe, ila neno lilionekana dogo mno. Akalisema hivyo hivyo.

"Harusi haishonwi upya, fundi," Kasiani alisema.

Kisha akageuka akawaacha, akashuka kati ya matuta mpaka hawakumwona. Wanawake wawili wakabaki wamesimama. Jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya kilima na baridi imeanza. Zuhura alikuwa anawaza kwamba atapanda ndege na hili limemkaa shingoni, na kwamba ndiyo haki yake.

Kasiani alirudi akiwa ameosha mikono mferejini. Akalichukua gauni, akalitazama dhidi ya mwanga uliobaki, akamkabidhi Modesta. "Jumapili misa ya ngapi?"

"Ya pili," Modesta alisema. "Kiti chako kipo, kaka."

"Nitakuja." Kisha akamnyooshea Zuhura mkono. "Lete hicho kiroba."

Zuhura akampa. Alikuwa ameapa kurudi nacho kitupu, akichome moto, asiingie Makka na hata uzi wa mtu. Kasiani alipiga magoti akaanza kuchuma njegere, konzi kwa konzi, akizitia ndani. Akaongeza karoti na viazi, mpaka kiroba kikasimama chenyewe.

"Kaka Kasiani, mimi sina nafasi ya kubeba cha mtu," Zuhura alisema. "Ustadha amekataza."

"Hizi si za mtu," Kasiani alisema, akifunga mdomo wa kiroba kwa ukindu. "Hizi nimekupa. Na lile jingine nimekuachia. Nenda hija."