Gitaa la Baba, Mwiko wa Mama

Mama yangu alimnunia shangazi kwa sababu ya mwiko. Ndiyo, mwiko wa kupikia, wenye uzi mwekundu wa kuutundikia. Ulipotea jikoni siku shangazi alipokuja kututembelea, mimi nikiwa bado nanyonya, na tangu hapo Mama akawa na mshitakiwa mmoja tu. "Wifi yangu ana mkono mrefu," ndivyo alivyomtambulisha hata kwa wageni. Shangazi hakukana wala hakukubali. Alinyamaza tu, na kunyamaza huko ndiko kulikomchemsha Mama.

Sasa shangazi alikuwa anahamia kwa mwanawe, mbali, Jumamosi. Aliomba kitu kimoja: gitaa la marehemu kaka yake, yaani baba yangu. Akanituma mimi, maana ni mtoto wa pande zote mbili, na tena ni fundi wa magitaa.

"Arudishe mwiko wangu kwanza!" Mama akafoka.

"Mama, mwiko si utanunua mwingine?"

"Na gitaa si atanunua lingine?"

Iliniuma, jamani. Watu wazima hawa walikuwa wanaachana pengine moja kwa moja, na kilichowatenganisha ni kipande cha mti.

Kesho yake Mama akanitokea karakanani na gitaa kwapani. Usidhani roho imelainika, thubutu! Gitaa lilikuwa linakoroma kila ukigusa uzi mnene, naye alitaka lipone, alitundike sebuleni, shangazi apate habari kwamba lipo na linaimba. Akajiketisha kwenye kiti changu, karibu na mandolini, kile kigitaa kidogo, iliyokuwa inasubiri nyuzi, akaanza kunisimamia.

"Usilichubue."

"Mama, hii ndiyo kazi yangu."

"Ndiyo maana nakwambia."

Lilikuwa gitaa kavu la zamani, lisilo la umeme, Baba mwenyewe alilinunua likiwa limeshatumika, na rangi ililika pale mkono wake ulipopita. Nikagonga ubao wa mbele kwa kidole. Likakoroma. Ndani ya gitaa hubandikwa vijiti vya kuushikilia ubao huo usibonyee nyuzi zikivuta; kimoja kilikuwa kimebanduka. Nikapasha kisu moto, nikakipitisha polepole kwenye kiungo cha mgongo wa gitaa mpaka gundi ikalainika, na mgongo ukatoka mzima kama mfuniko wa sufuria.

Nikachungulia. Nikachungulia tena. Lo!

Kijiti kilichobanduka kilikuwa na tundu la kutundikia, na uzi mwekundu bado umo. Chini ya daraja linaloshika nyuzi, pale zinapovuta kuliko popote, Baba alikuwa amebandika kibao kipana, kimechongwa kikachongeka, ukingo mmoja umeungua na moto wa jikoni. Hakupoteza hata kipande.

Mama akasimama, akaugusa ule uzi. "Mwiko wangu," akasema. "Mwanamume yule! Kila nikiuulizia, anachukua gitaa anapiga! Kumbe ananipigia mwiko wangu mwenyewe!"

Akacheka mpaka akajishika mbavu. Kisha kicheko kikakatika.

"Na wifi nimemwita mwizi miaka yote hiyo."

Basi sikuachwa nipumue tena. Nikabandika kila kitu mahali pake, Mama akiuliza kila mara kama gundi iko tayari, utadhani ni chai jikoni. Ijumaa tukaenda.

Tulimkuta shangazi akihangaika na sanduku lililokataa kufunga. Mama hakungoja kukaribishwa.

"Wifi, nimekukosea. Mwiko umo humu ndani. Aliyeiba ni kaka yako. Nisamehe."

Shangazi akalipokea gitaa, akalipapasa pale rangi ilipolika.

"Kaka yangu angethubutu wapi kuingia jikoni kwako?" akasema. "Alikosa mti mgumu mkavu wa kutengenezea gitaa, akaja kunililia. Nikautoa mimi, chini ya mtandio."

"Kwa hiyo wewe ni mwizi kweli!"

"Kabisa."

"Na ukanyamaza?"

"Ungemfukuza."

Mama akafikiri. "Ningemfukuza," akakiri.

Mama akaenda akaketi juu ya sanduku, akamvuta wifi yake aketi naye. Sanduku likafunga.

"Gitaa chukua," Mama akasema. "Lakini mwiko ni wangu. Nitakuwa nakuja kuuangalia."

"Lini?" Shangazi akauliza.

"Kwani gari la kesho limejaa?"